Dada wa PhD, asante sana

Kuna dada anasoma PhD hapa Dar, hapendi kutajwa jina ila mi siwezi kunyamaza. Nilikuwa risechi asistenti kwenye mradi wa wakulima wa mpunga Kilombero, kazi yangu kuzunguka na dodoso vijijini na kuingiza data kwenye SPSS, ile programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, mradi ukaisha nikajua ndo basi tena. Yeye ndo akaniambia humo ndani una mada yako kabisa ya kupeleka kwenye konfarensi. Kwanza tukaenda wote kwa profesa kuomba ruhusa ya kutumia data na kukubaliana majina ya waandishi yatapangwaje, maana hapo ndo watu hugombaniaga baadaye. Halafu akanichagulisha swali moja tu, nani nyumbani anaamua hela ya mavuno itumikeje, mengine yote tukayaacha, abstrakti, yaani ule muhtasari wa mada, tukaikata hadi maneno 250. Nikifanya mazoezi ya kuwasilisha, akakaa na simu ananihesabia dakika 15, na maswali yake yalikuwa magumu kuliko ya ukumbini! Nyie mliotangulia, asistenti wenu wana data nzuri, wakalisheni muwaelekeze hivi hivi. Dada, Mungu akubariki sana.