Risala ya wafamasia kwa mgeni rasmi, siku ya wafamasia duniani

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa meza kuu, wafamasia wenzetu, wanafunzi mlioko mafunzo ya vitendo na wageni wote mliokuja, habari za asubuhi. Tunakushukuru sana kwa kuitikia wito wetu, tunajua umealikwa sehemu nyingi kwahiyo hatutakuchosha na historia ya chama toka kianzishwe, hiyo tumeiweka kwenye bahasha na wala usipoisoma hatutanuna.

Leo ni tarehe 25 Septemba. Tarehe hii ilichaguliwa kwa sababu ndo siku shirikisho la kimataifa la wafamasia lilianzishwa kule The Hague mwaka 1912, na kila ikifika wafamasia tunasifiwa kweli kweli. Sifa tunazipokea ila mwaka huu tumekubaliana tuongee hela.

Iko hivi mheshimiwa. Mtu anakatwa mchango wa bima kila mwezi, anaugua, anamwona daktari vizuri tu, anashuka mpaka dirisha la dawa anaambiwa hii haipo kanunue nje. Hapo anayetukanwa ni yule aliyesimama dirishani. Sasa nyuma ya dirisha kinachotokea ni kwamba bima ina orodha yake ya bei, kila dawa imeandikiwa itarudishiwa shilingi ngapi, na bei hiyo inaweza kukaa muda mrefu haijaguswa wakati muuzaji wa jumla anapandisha kila akiagiza mzigo kwa sababu hela za kigeni zimepanda au kiwanda kimepunguza uzalishaji. Inafika mahali famasi inanunua kopo kwa bei kubwa kuliko ile itakayolipwa, na hata ile itakayolipwa haiji leo, madai yanapelekwa, yanakaguliwa, mengine yanarudishwa eti sahihi haionekani au namba ya kutambulisha ugonjwa haifanani na dawa iliyoandikwa, na muuzaji wa jumla yeye hasubiri anataka chake. Kwahiyo famasi ndogo inaacha kuweka ile dawa. Bima kwenye makaratasi imepunguza gharama lakini gharama haijaenda popote, imehamia mfukoni kwa mgonjwa, tena mgonjwa ambaye alishalipa.

Na tuwe wakweli hapa maana mheshimiwa utayasikia upande wa pili. Wapo wenzetu wanaoandika dawa ambayo mgonjwa hakupewa, au wanapewa cheti cha vidonge kumi wanadai thelathini. Hao ni wezi, washughulikiwe, na sisi tuko tayari kukaa kwenye kamati ya kuwashughulikia. Ila ukaguzi unaomchelewesha kila mtu kwa sababu ya wachache mwisho wake unawabakiza haohao wachache, kwa sababu muaminifu ndo wa kwanza kufunga mlango.

Tatizo lenyewe hasa, kwa maoni yetu, ni kwamba malipo ya mfamasia yamefichwa ndani ya bei ya dawa. Hakuna sehemu imeandikwa hii ni hela ya dawa na hii ni hela ya kazi. Ujira wetu ni ile faida ya juu ya kopo, basi. Kwahiyo bima ikibana bei ya dawa, na ni haki yake kubana, inatubana na sisi bila hata kukusudia. Alafu kuna ubaya mwingine ambao watu hawauongelei, nikimshauri mgonjwa achukue dawa ileile ya kampuni nyingine yenye bei ya chini, ambayo inafanya kazi sawasawa, mimi naondoka na faida ndogo zaidi, yani mfumo unanilipa vizuri nikiwa mshauri mbaya!

Na kazi ipo jamani, sio kuhesabu vidonge tu. Methotrexate kwa mgonjwa wa viungo inamezwa mara moja kwa wiki, akiandikiwa kila siku kwa kupitiwa inaweza kumuua. Mtu yuko kwenye warfarin ya kuzuia damu kuganda anakuja na cheti cha metronidazole, dawa ya kuua bakteria, hizo mbili zikikutana damu inaweza kumwagika ndani kwa ndani. Anayezishika hizi mara nyingi ni mfamasia, anapiga simu kwa daktari, anasubiri, cheti kinabadilishwa, mgonjwa anaenda nyumbani hata hajui alikuwa karibu na nini, na kwa saa hiyo nzima mfamasia hajaingiza kitu kwa sababu dawa haijatoka dirishani.

Wenzetu wa nje wamejaribu kutenganisha. Ujerumani, ambako bima ya afya ya lazima ilianza 1883 kwa wafanyakazi, famasi inalipwa kiwango maalum kwa kila dawa ya cheti iwe ya bei kubwa au ndogo, pamoja na asilimia 3 ya bei ya kununulia dawa yenyewe. Wazo zuri sana. Ila kiwango hicho kilipandishwa kidogo mwaka 2013 kuwa euro 8.35 kikakaa hapohapo miaka kumi na zaidi, vitu vyote vinapanda chenyewe kimelala, mpaka tarehe 14 Juni 2023 famasi nyingi nchi nzima zikafunga milango kugoma. Kwahiyo tunaomba kiwango, ndio, lakini kiwe na tarehe ya kupitiwa upya.

Tena isieleweke kwamba tunataka mgonjwa aongezewe mzigo. Uingereza walianza huduma yao ya afya ya taifa 1948 dawa zikiwa bure, ilivyofika 1952 wakaanza kutoza kwenye cheti, na miaka mingi baadaye Wales ikafuta tozo hiyo 2007 na Scotland 2011. Ukimtoza mtu dirishani anayeacha dawa ni yule asiye na kitu, anarudi baadaye akiwa mahututi na bima inamlipia kitanda badala ya kidonge. Hilo sisi hatulitaki.

Kuhusu vijana walioajiriwa tutasema kifupi maana wapo hapa na sura zao zinajieleza. Wamesoma miaka mingi, wengine kwa mkopo, wanasimama kutwa, wanabeba jukumu la kisheria kwa kila kitu kinachotoka dukani, na mwenye famasi akiulizwa mshahara anasema bima haijalipa, na mara nyingi hadanganyi.

Mheshimiwa, tunachoomba ni malipo ya huduma yaandikwe peke yake kwenye madai, ikiwemo ile kazi ya kuzuia dawa isitoke, orodha ya bei ipitiwe kila soko likibadilika na siku hiyo mfamasia awepo kwenye kikao sio aletewe nakala, na madai yaliyokamilika yawe na siku ya mwisho ya kulipwa, ikipita bima ilipe na riba kama sisi tunavyotozwa tukichelewa.

Hatutegemei jibu leo. Ila kabla hujaondoka tunaomba utupe tarehe ya kuja ofisini kwako tukiwa na mahesabu, yoyote ile hata iwe mwezi ujao, katibu wetu amekaa pale mbele na daftari lake.

Tunaomba kuwasilisha.