Namba ya tete si cheo cha mpigaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazungumzie vijana wetu wa Mombasa wanaojifunza klarineti na saksafoni, ambao wengi huamini kwamba tete, yaani ule ulimi mwembamba unaotetema na kutoa sauti, huwa bora kadiri namba yake inavyokuwa kubwa. Namba hiyo hueleza ugumu tu, na wala hailingani baina ya viwanda, hata 2.5 ya kiwanda kimoja yaweza kuwa laini kuliko 2.5 ya kingine. Anayeanza hutoshwa na 2 au 2.5, na ala ambayo kipande chake cha kupulizia kina mwanya mpana zaidi nchani, kati yake na tete, kwa kawaida hutaka tete laini. Mimi mwenyewe, kwa kiburi, nilijikaza na 3 kwa miezi kadhaa, nikaambulia sauti iliyojaa upepo na midomo iliyochoka.

Matete haya hukatwa kutoka kwa mmea uitwao Arundo donax, na ule wa eneo la Var, kusini mwa Ufaransa, una sifa kubwa. Kwa kuwa ni mmea, hubadilika kwa unyevu, na hewa ya pwani haina huruma: likiachwa juu ya ala, tete hupinda au huota ukungu. Lifutwe, lilazwe mahali bapa penye kupitisha hewa, na yatumiwe matatu au manne kwa zamu. Nashangaa hatuwaulizi wapiga nzumari, ambao hushughulika na tete la ala yao tangu zamani katika hewa hii hii.

Mpenzi wa muziki,
Mombasa.