Aina ya mbegu nayo ihesabiwe

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako kwa zaidi ya miaka ishirini bila kukuandikia, lakini taarifa yenu ya juma lililopita kuhusu wahadhiri wanaocheleweshewa vyeo imenilazimu kushika kalamu. Mwandishi wenu aliwahoji wasimamizi wa vyuo na viongozi wa chama cha wahadhiri. Hakumhoji hata mhadhiri mmoja wa kilimo.

Kazi yangu ni kuzalisha aina mpya za maharagwe. Huanza kwa kuchavusha ua kwa mkono, kisha mimea huchaguliwa kizazi baada ya kizazi mpaka sifa zake zitulie, ndipo mbegu ifikishwe KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu na afya ya mimea, kwa majaribio ya kitaifa. Aina yangu ilinichukua miaka tisa. Nilipofika mbele ya kamati ya idara kuomba uhadhiri mwandamizi, mwenyekiti alikigeuza cheti cha kuidhinishwa kwa mbegu hiyo, akatazama mgongo wake mtupu, akaniuliza makala ziko wapi. Nilikuwa nazo mbili. Mwenzangu aliyelikata jaribio moja la kivungulio vipande vitano, kila kipande kikachapishwa katika jarida lake, alipandishwa cheo siku hiyo hiyo, na hadi leo hakuna mkulima aliyepanda chochote kilichotokana na utafiti huo. Chuo Kikuu cha Eldoret kilitoa ngano za Eldo Ngano 1 na Eldo Mavuno mwaka 2014, zinazostahimili kutu ya shina iliyowatia wakulima wetu hasara kubwa. Je, kamati ya aina hii ingezipa alama ngapi?

Sigombani na miongozo ya kitaifa ya kuwapandisha vyeo wahadhiri ya mwaka 2014, iliyodai shahada ya uzamifu. Nagombana na idara zinazohesabu kurasa kwa sababu kurasa ni rahisi kuhesabu. Tena majarida mengi hutoza ada kwa dola, nayo hutoka katika mshahara ule ule wa mhadhiri.

Idara za kilimo ziweke kwa maandishi kwamba aina moja iliyoidhinishwa ina uzito wa makala nne. Kamati iwe na mkaguzi wa mbegu na wakulima wawili wa kata jirani, na ikutane shambani, maharagwe yakiwa katika maua, kabla ya kufungua faili ya mwombaji.

Mhadhiri wa Kilimo,
Magharibi mwa Kenya