Mpishi wa nyumbani naye ashukuriwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kazi inayofanyika kila siku majumbani bila kutiliwa maanani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na chumvi iwe chini ya gramu 5, yaani isijaze hata kijiko cha chai. Ushauri huo ni mzuri, lakini anayeutekeleza ni yule anayeosha, kumenya na kukatakata mboga hizo huku wengine wameinamia simu zao, na ambaye, akipunguza chumvi kwa ajili ya mzee mwenye shinikizo la damu, huambulia manung'uniko kwamba chakula kimepooza. Huo, kwa maoni yangu, ni utovu wa shukrani. Kusema ahsante kunafaa (ingawa katika nyumba nyingi hata hilo ni adimu), ila wema hasa ni kunyanyuka, kukusanya vyombo na kuviosha, na watoto wa kiume wasisamehewe. Anayeona mboga haina ladha aikamulie limau kabla ya kuulizia chumvi.

Wako,
Msomaji wa kila siku