Kwa vijana wetu wa Lamu mnaosomea dawa: fomu yenu haikuuliza

Wanangu, asalaam aleikum.

Juzi mlipokuja kwangu Langoni na fomu zenu mlinifurahisha, kisha mkaniacha na dukuduku. Mliandika jina la mti, unapoota, nani huutumia. Mkajaza majani ya mwarobaini mifukoni, mkaaga. Hakuna aliyeuliza kile kinu kidogo pale barazani ni cha nini.

Bibi yangu majani mengine akiyachemsha, mengine akiyatwanga mabichi kinuni humo, akayakamua kwa kitambaa. Nilimuuliza mara moja mbona haya hayaingii jikoni. Alivyonitazama, sikurudia. Nimezeekea nyuma ya kaunta ya duka la dawa na swali lile bado linanikereketa.

Maana ni swali kama hilo lililomfikisha mwanasayansi Tu Youyou kwenye dawa ya malaria. Kule Uchina kikosi chake kilikusanya maelekezo 2,000 ya tiba za jadi, kikajaribu dondoo 380 za mimea, yaani dawa iliyotolewa ndani ya mmea, kwa panya. Mmea wa qinghao leo ulikubali, kesho ukagoma. Akarudia maandishi ya tabibu wa kale Ge Hong, ya karne ya 4: loweka majani, kamua, kunywa maji yake. Mbona hachemshi? Huenda moto ndio unaoiua dawa. Akaitoa kwa etha, kimiminika ambacho huchemka kwenye nyuzi 35, chini ya joto la mwili wako. Oktoba 1971, sampuli namba 191 ikamaliza vimelea vyote kwa panya. Nobel alipewa 2015.

Mashine za leo hupima maelfu ya kemikali kwa siku. Hata hivyo, waliopiga hesabu mwaka 2012 walikuta kwamba tangu 1950, dawa mpya zinazopatikana kwa kila dola bilioni moja ya utafiti zimekuwa zikipungua nusu kila miaka 9 hivi. Sababu ni nyingi: masharti yamekaza, na dawa za zamani si rahisi kuzishinda. Ila mashine hujibu ilichoulizwa tu. Na fomu yenu ni mashine ya karatasi.

Kuuliza nako kwataka elimu. Asiyejua kwamba joto huvunja kemikali, neno "kamua" lingempita hivi hivi.

Najua tulivyowalea: mkubwa akisema, mdogo kimya. Adabu nzuri hiyo, mezani. Maabarani, mwalimu akisema jambo, muulizeni kwa heshima amelijuaje.

Njooni Ijumaa baada ya alasiri, kinu nitakiosha. Mkifika, anzeni na hili: kwa nini bibi hakuchuma jani jua likishapanda?