Mpira unampa nani? Barua kwa mwanangu nahodha

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi. Habari kwamba umekabidhiwa unahodha wa timu ya kriketi ya chuo imenifikia, na pongezi najua umeshapewa za kutosha. Mimi nakuletea hesabu.

Watu wakizungumzia uongozi kwenye kriketi hupenda kutaja ujasiri, hekima na utulivu. Maneno mazuri, ila hayakusaidii kitu ova ya 16 (ova ni mipira 6 anayorusha mtu mmoja kabla ya kumpisha mwingine), wapinzani wanahitaji mikimbio michache, yaani alama za kriketi, na wenzako wote 10 wanakutazama usoni. Kazi ya nahodha ukiikamua linabaki swali moja, linalorudi kila baada ya mipira 6: mpira unampa nani? Katika mechi ya ova 20 utalijibu mara 20. Kupanga wadakaji, kutuliza timu, hata kuongea na mwamuzi, vyote vinaning'inia kwenye jibu hilo.

Tazama fainali ya Kombe la Dunia la ova 20 kule Bridgetown, Barbados, tarehe 29 Juni 2024. India walikuwa wamepata 176. Ova ya 15 Heinrich Klaasen wa Afrika Kusini alimchapa mrushaji Axar Patel, ova nzima ikatoa mikimbio 24, na Afrika Kusini wakabakiwa na mikimbio 30 kwa mipira 30, wiketi 6, yaani nafasi 6 za mpigaji kutolewa, zikiwa bado mkononi. Rohit Sharma, nahodha wa India, alikuwa amebakiwa na ova 2 tu kati ya 4 alizoruhusiwa Jasprit Bumrah, mrushaji wake bora. Nahodha mwoga angezificha hadi ova ya 18 na ya 20, kama mtu anayelalia akiba yake chini ya godoro. Rohit alimwita Bumrah palepale. Ova ya 16 ikatoa mikimbio 4. Ya 17 akapewa Hardik Pandya. Mpira wake wa kwanza ukamtoa Klaasen, na ova nzima ikatoa mikimbio 4. Ya 18 Bumrah tena, mikimbio 2 na wiketi 1. Ya 19 Arshdeep Singh, mikimbio 4. Ova ya mwisho ilipofika Bumrah alikuwa ameshamaliza zake, lakini Afrika Kusini walihitaji 16 kwa mipira 6, na aliyekuwa na presha sasa ni mpigaji. Hardik akaimalizia, India wakashinda kwa mikimbio 7.

Manahodha wengi wa vyuo hukosea hapo. Wanadhani ova ya 20 ndiyo ngumu, kwa hiyo wanamwekea mrushaji wao bora, halafu mechi inaisha ova ya 18 yeye akiwa bado na ova 2 ambazo hazikutumika. Ova ngumu ni ile ambayo mechi inakuponyoka, hata kama ni ya 7. Mpe aliye bora wakati huo, na huko mbele utajipanga.

Ili uweze kufanya hivyo lazima ujue nani amebakiza nini, na kichwa peke yake hakitoshi. Usiku wa kuamkia mechi chukua karatasi, andika namba 1 hadi 20 kwenda chini, kisha jaza majina kuanzia chini kupanda juu: 20, 19, 18, 17. Ukianzia juu utajikuta umewatumia wazuri mapema bila kujua. Kila mrushaji haruhusiwi kuzidi ova 4, kwa hiyo warushaji 5 wanakutosha kamili bila hata ova moja ya akiba. Sasa piga picha mmoja wao amechapwa mikimbio 17 kwenye ova yake ya kwanza. Ukimtoa, ova zake 3 zinakwenda kwa nani? Ndiyo maana unahitaji mrushaji wa 6, na ikiwezekana wa 7, hata kama ni wa ova moja tu. Mpe mpira mazoezini kila wiki, asije akaushika kwa mara ya kwanza siku ambayo moto umewaka.

Harmanpreet Kaur, nahodha wa India, alionyesha thamani ya huyo wa akiba katika fainali ya Kombe la Dunia la wanawake, tarehe 2 Novemba 2025 huko Navi Mumbai. Shafali Verma hakuwa hata kwenye kikosi cha mwanzo. Aliingia kwa sababu Pratika Rawal aliumia. Ni mpigaji, na siku ile alikuwa ameshapiga mikimbio 87. Afrika Kusini walipoanza kutulia, Harmanpreet alimpa Shafali mpira, na ndani ya ova zake 2 za kwanza Sune Luus na Marizanne Kapp wote wakatoka. India wakashinda kwa mikimbio 52. Wengine wanaiita bahati. Mimi naona hesabu ndani yake: wapigaji walikuwa wameshawazoea warushaji wa kawaida, na yeye walikuwa hawajamwona. Ubaya wa kamari hiyo ni kwamba ukiichelewesha haina maana tena. Mrushaji wa akiba mlete wakati mikimbio ya kufidia bado ipo. Ukisubiri hadi mambo yaharibike, unakuwa umemtupia lawama.

Kumpa mtu mpira ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni upande gani wa uwanja atarushia. Mwaka 1981 Uingereza walicheza na Australia mechi ya Test, ile ya siku tano ambayo kila timu hupiga mara mbili, huko Headingley, mjini Leeds. Mike Brearley alikuwa amerudishwa kuwa nahodha baada ya Ian Botham kujiuzulu. Uingereza walikuwa nyuma kwa mikimbio 227 na wakalazimishwa kupiga tena papo hapo. Botham, sasa hana mzigo wa unahodha, akapiga 149 bila kutoka. Hata hivyo Australia walihitaji mikimbio 130 tu, na walifika 56 kwa wiketi 1. Bob Willis alikuwa akirusha kwa kupanda kilima, kinyume na upepo, bila mafanikio. Brearley akamhamishia upande wa pili, upande wa Kirkstall Lane, ashuke na mteremko upepo ukiwa mgongoni. Mtu yuleyule na mpira uleule. Alichukua wiketi 8 kwa mikimbio 43, Australia wakaishia 111.

Wewe kilima huna, ila upepo unao. Dar msimu wa kusi mchana upepo unavuma kwelikweli. Fika mapema, rusha majani makavu hewani katikati ya uwanja, uone yanakwenda wapi. Mrushaji wa kasi mpe upepo mgongoni. Wa mpira wa polepole wa kuzungusha mpe upepo usoni, mpira wake uelee na umchelewe mpigaji. Ukiwabadilisha hao wawili vibaya, wa kasi anachoka ova ya 2 na wa polepole anapigwa mipira ya mikimbio sita inayobebwa na upepo hadi nje.

Na kabla sijamwacha Brearley: katika mechi zake 39 za Test hakufikisha mikimbio 100 hata mara moja, na wastani wake wa kupiga ulikuwa 22.88, wastani ambao kwa kawaida ungemweka nje ya timu. Ila katika mechi 31 alizoongoza alishinda 18, akapoteza 4. Kwa hiyo ukisikia minong'ono kwamba yupo mpigaji bora kuliko wewe, usijibu kwa kwenda kupiga sita. Huenda ni kweli yupo. Unahodha ni kazi nyingine.

Wadakaji sasa. Ukiondoa mrushaji na mlinda wiketi, yule anayesimama nyuma ya mpigaji, unabaki na 9. Ova 6 za mwanzo wawili tu wanaruhusiwa nje ya duara la ndani ya uwanja. Baada ya hapo hadi 5. Kosa linaloua timu changa ni kuwapanga wadakaji bila kumuuliza mrushaji atarusha wapi. Unaweka watatu mpakani upande wa bati la mpigaji, mrushaji anarusha upande wa miguu yake, mpira unakwenda mpakani kwa mikimbio minne palipo wazi, halafu mnalaumiana. Utaratibu uwe mmoja kila ova: muulize kwanza anataka kurusha wapi, panga wadakaji kwa jibu lake, kisha mrudishie kwa maneno yako mwenyewe ahakikishe. Hiyo haizidi sekunde 20. Na akitaka kubadili nia katikati ya ova, asimame, mbadilishe wadakaji kwanza. Kura ya shilingi ya kuamua nani aanze kupiga isikuumize kichwa; uwanja ukiwa na umande jioni chagua kupiga wa pili, maana mpira uliolowa haushikiki, na siku nyingine fuata nguvu ya timu yako.

Halafu ushauri. Katika timu kila mtu ana maoni, na utaitwa na sauti nne kutoka pande nne. Wahenga wetu wa pwani walishasema nahodha wengi chombo huenda mrama, na neno lako la cheo limetoka hukohuko kwenye majahazi. Chagua watu 2 tu wa kuwauliza mechi inapoendelea. Mlinda wiketi awe mmojawapo, kwa sababu ndiye anayeona mpira unavyofika. Kama ni swali la kumwomba mwamuzi amtoe mpigaji, mrushaji muulize wa mwisho. Kwake kila mpira uliogonga mguu ni wiketi.

Ukitaka kujifunza kuhusu watu, rudi Kenya mwaka 2003. Steve Tikolo aliiongoza timu isiyo na hadhi ya Test hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia. Tarehe 24 Februari pale Nairobi Gymkhana, Sri Lanka wakifukuza 211, alimpa mpira Collins Obuya, kijana wa miaka 21 anayerusha mpira wa kuzungusha. Wiketi 5 kwa mikimbio 24, Sri Lanka wote nje kwa 157. Wiki tatu baadaye huko Durban, dhidi ya Australia mabingwa, aliyeshika mpira alikuwa Asif Karim wa Mombasa, miaka 39, aliyekuwa ameshastaafu akaitwa kurudi. Ova 8 na mipira 2, wiketi 3, mikimbio 7 tu. Kenya walifungwa, na bado mchezaji bora wa mechi akawa Karim. Tikolo aliwahi kucheza chini ya Karim, sasa alikuwa akimwamuru. Wewe pia una wa mwaka wa tatu waliokutangulia. Usiwakwepe kwa haya, wala usiwape mpira kwa heshima. Wape kwa kazi.

Kuna wakati utampa mtu nafasi naye ataiangusha. Fainali ya wanawake ya 2017 pale Lord's, India walihitaji mikimbio michache, wiketi moja imebaki, na Jenny Gunn, mmoja wa wenye uzoefu mkubwa kwenye kikosi cha Uingereza cha nahodha Heather Knight, akaangusha mpira mwepesi wa kudaka. Uwanja mzima ukashika vichwa. Mpira uliofuata mwenzake Anya Shrubsole akachukua wiketi hiyo, mchezo ukaisha, Uingereza mabingwa kwa mikimbio 9. Kati ya mpira na mpira una kama nusu dakika. Mtu wako akiangusha, usimtazame ukitikisa kichwa na usikimbilie kumhamisha. Akihamishwa palepale anajua ameadhibiwa mbele ya watu. Piga makofi, mpe neno moja la kazi, "sogea hatua mbili kulia," aachane na lililopita.

La mwisho halifurahishi. Nahodha Hansie Cronje alipendwa Afrika Kusini kama mwana wa nyumbani. Mwaka 2000, kabla ya mechi ya Nagpur, aliwapelekea Herschelle Gibbs na Henry Williams ahadi ya dola 15,000 kila mmoja ili wacheze vibaya: Gibbs apige chini ya mikimbio 20, Williams aachie zaidi ya 50. Gibbs akapiga 74, Williams akaumia bega akatoka mapema, kwa hiyo mpango haukutimia. Bado walifungiwa miezi 6 kwa kuukubali, naye Cronje maisha. Angalia nani alimfuata nani. Vijana hawakumtafuta, nahodha ndiye aliyewafuata, na kumkatalia mtu anayepanga nani acheze kesho si kazi nyepesi. Na mwaka 2018 Cape Town, Steve Smith, nahodha wa Australia, aliona wenzake wakipanga jambo la kukwaruza mpira kinyume cha sheria, akasema hataki kujua, akapita. Alifungiwa miezi 12. Kwenye kikosi chako hata mambo madogo, kama kumsainia mwenzako mahudhurio ya mazoezi, yakikufikia yaulize.

Jumamosi beba penseli, si kalamu ya wino. Karatasi ya ova ikipata jasho wino unatambaa hujui nani amebakiza ngapi. Nitakuwa pale chini ya mwembe, sitapiga kelele. Mama yako anauliza kama glavu mpya za mlinda wiketi zinamtosha Neema au turudi dukani kabla ya Ijumaa.

Baba yako