Albamu isipouzika leo si kwamba ni mbaya

Bwana mhariri, jambo. Mi naandika toka Katuba, hapa Lubumbashi. Inaniuma sana kusikia kijana katoa albamu, wiki mbili hainunuliki, basi watu wanasema huyo hajui muziki. Si kweli! Muangalie Rodriguez, mwimbaji wa Detroit, albamu yake Cold Fact ilitoka 1970, kwao Marekani ikauzwa kidogo sana, baada ya albamu ya pili kampuni ikamuacha akaenda kufanya kazi ya kubomoa nyumba, kumbe Afrika Kusini, kule malori yetu yanakotoka, watu wanaipenda ajabu mpaka uvumi ukasema amekufa, na yeye wakati huo alikuwa kwao mzima hajui kitu. 1998 ndo akaenda kuwaimbia, kumbi zikajaa. Nick Drake, mwimbaji wa Uingereza ambaye albamu zake nazo hazikuuzika, hakuona hata siku ya kupendwa hivyo, alikufa 1974 na miaka 26 tu.

Niko na kaseti ya jirani mmoja mpiga gitaa, utepe nimeurudisha na kalamu mara nyingi mpaka maandishi yamefutika. Aliuza chache, akaacha gitaa. Naomba gazeti litupe kona kila wiki ya albamu za kwetu ambazo hazikuuzika, wenyewe wasome wakiwa bado wazima.

Msomaji wenu, Katuba